Kona ya Mama Mkwe

Treni ilianguka tena, magurudumu juu, ikifoka mvuke mbele ya kandambili za mama mkwe.

"Salale!" Kinyozi alijishika kichwa. "Pale pale!"

Kila siku ilikuwa pale pale. Injini hiyo ndogo ya mvuke ilianzia mlangoni kwa maringo, ikapita chini ya meza ya chakula, ikapiga honi kando ya kabati la vyombo, ikafika kwenye kiti cha mama mkwe, chali. Kiti chenyewe kilihamia pamoja na mwenyewe, magoti yalipomkatalia kuishi peke yake. Kiliwekwa kwenye pembe ambayo zamani reli ilipinda kwa raha zake. Sasa mwanamume gani atamwambia mama mkwe wake asogee? Kinyozi aliikunja reli upya imzunguke mama wa watu, kona ikawa kali kama ndoana, na balaa likaanzia hapo.

Leo mambo yalikuwa moto. Mwenyekiti wa chama cha wapenzi wa treni ndogo alikuwa anakuja alasiri kuitazama injini ikizunguka. Isipoanguka, kinyozi anakuwa mwanachama. Ikianguka, ajaribu tena mwakani. Alikuwa ameuota uanachama huo hadi asubuhi ile akamnyoa mteja sharubu alizoomba aachiwe.

Akapiga magoti kando ya kiti. Mikono yake ikishika kazi, mdomo nao hufunguka. Ndiyo mazoea ya saluni, hana ujanja.

"Unaona mama, haya magurudumu madogo ya mbele yanaonyesha njia tu. Yakiwa mepesi, yanapanda juu ya reli kwenye kona. Naongeza kipande cha chuma hapa, yatulie."

"Na hicho?" aliuliza mama mkwe, uso mkavu.

"Ekseli ya katikati. Imebana mno. Injini ndefu kwenye kona fupi, lazima magurudumu ya kati yapate nafasi ya kucheza kidogo, huku na huku."

"Mh," alisema mama mkwe.

Kinyozi aliijua mh hiyo. Ilikuwa mh ya mtu aliyemwoza binti yake kwa mtu mzima anayechezea treni. Akajikaza kiume. Akapima nafasi ya magurudumu kwa kitana, akalegeza skrubu, akadondosha tone la mafuta ya mashine ya kunyolea, kisha akaipeleka injini mlangoni na kuiwasha. Ikachapa mwendo, ikapiga honi, ikafika kitini.

Chali.

Akamkimbilia mke wake jikoni. "Mwambie mama asogeze kiti, nakuomba. Leo tu!"

"Nilishamwambia. Kagoma. Anasema pale ndipo penye hewa nzuri."

"Hewa? Dirisha si liko upande wa pili?"

"Nenda kamwambie wewe, basi."

"Mimi! Mama yako hanipendi, mke wangu. Kutwa anakaa pale peke yake na kimya chake, mimi nikirudi nampigia kelele za mvuke. Ningekuwa yeye, nami nisingempenda mtu kama mimi."

Hodi ikapigwa. Mwenyekiti alikuwa bibi mfupi mchangamfu, daktari wa meno, mwenye kofia ya dereva wa treni kichwani. Mke akamkokota mama yake chumbani akavae nguo ya wageni. Kinyozi, roho mkononi, akafungulia mvuke.

Injini ikapita chini ya meza. Ikapita kabati. Ikaingia kwenye kona, ikajinyonga kama anayebanwa na kiatu kipya, ikatokea upande wa pili!

Kinyozi alipiga ukelele. Ikazunguka tena, na tena. Alicheza, akaimba, akamkumbatia mwenyekiti, akakumbatia na kabati, vikombe vikagongana.

"Kona kali namna hii sijapata kuiona," mwenyekiti alisema huku akimbandika beji kifuani. "Karibu chamani, ndugu. Chai iko wapi?"

Mke akampeleka jikoni. Mama mkwe akarudi kitini polepole, amependeza. Kinyozi, furaha ikimwagika, akaongeza maji, akaiachia injini kwa mara nyingine, kisha akalala kifudifudi chini ya meza ayafaidi magurudumu yake yakikata kona.

Injini ikaja, ikakaribia kiti. Kidole gumba cha mguu wa mama mkwe kikachungulia, kikajinyoosha taratibu, kikaibonyeza reli.

Chali.

"Imeanguka tena, mwanangu?" Mama mkwe alikuwa ameshainama, miwani puani, macho yanameremeta. "Haya, njoo upige magoti. Pistoni bado hujanieleza."