Taa ya Katikati

Mzee Spika alikuwa na muda wa mtu kunawa mikono, basi. Maji yalikuwa bado yanamwagika bafuni. Akashika chuma cha kulehemu, akaiyeyusha risasi iliyoishika taa ya katikati, akaichomoa, akaigeuza na kuigandisha tena palepale. Mguu mrefu wa taa ukakaa pa mfupi, mfupi ukakaa pa mrefu. Taa ya namna hiyo ikikaa kinyume haiwaki, hata uilambe.

Nyumbani kwake mwenyewe, mezani kwake mwenyewe, anajificha kama mwizi wa kuku. Lakini afanyeje? Mwenye mikono iliyokuwa bafuni alikuja kumchukulia binti yake, mtoto wa pekee, na mzee hakuwa tayari kumtoa kwa mtu yule. Yeye ametengeneza redio na spika tangu hajaota ndevu. Yule kazi yake ilikuwa kubandua vioo vya simu na kubandika vingine, eti naye fundi! Alimwita Fundi Kioo, tena usoni kabisa. Tangu salamu ya kwanza hawakuiva chungu kimoja.

Posa ilipoletwa, mzee hakusema ndiyo wala hapana. Alitoka akanunua boksi la vifaa: taa ndogo kama punje za mahindi, waya, saketi, na chipu ya kuamrisha taa ziwake vipi. Akamwambia kijana aujenge mchemraba wa taa hapo sebuleni, macho kwa macho. Taa zote ziwake. Moja tu ikigoma, posa yake aibebe arudi nayo alikotoka.

Binti alilia, akamwambia baba yake kwamba anamuaibisha mbele ya mchumba wake. Fundi Kioo hakubisha. Aliuliza tu kama hilo ndilo neno la mwisho. Mzee akajibu kwamba neno lake halina la pili. Kijana akakunja mikono ya shati, akaomba kiti.

Na kazi yake ilikuwa safi, balaa. Kila taa aliijaribu kwanza kwa betri. Alizipanga kwenye kibao chenye matundu, zikanyooka mistari, akalehemu tabaka moja, halafu la pili. Kila tabaka likikamilika alilipeleka dirishani, akalikagua taa kwa taa, maana taa iliyokaa kinyume utaijua kwa kuichungulia tumboni. Mzee aliangalia yote hayo. Huyu mshenzi atafaulu, aliwaza, na mwanangu ataondoka naye. Ndipo alipochagua taa ya katikati. Matabaka yakishapandana, chuma hakifiki pale. Ukitaka kuigusa, ubomoe kazi yote.

Maji ya bafuni yakakatika. Fundi Kioo akarudi akijifutia mikono kwenye suruali, akalichukua lile tabaka la katikati, akaenda nalo dirishani.

Alikaa nalo muda mrefu. Wakati huohuo binti akaingia na chai, akamwekea mchumba wake mkono begani, akaanza kueleza jinsi fundi cherehani alivyomaliza gauni, na pazia gani litafaa chumba gani. Kijana akamtazama. Akalitazama tena tabaka. Kisha akalikalisha juu ya mwenzake, akashika chuma, akalehemu.

Mzee akashusha pumzi. Kipofu huyo, akasema moyoni, halafu anataka mke.

Matabaka yote yalipokamilika, kijana akaandika programu kwenye kompyuta, binti akafunga mapazia. Taa zikaanza kupanda kutoka chini kwenda juu, zikashuka kama manyunyu, zikazunguka. Mzee hakuwahi kuona kitu kizuri hivyo juu ya meza yake, na jambo hilo lilimuudhi. Mwishoni zikawaka zote kwa pamoja, na katikati pakabaki tundu jeusi, kama pengo la jino.

“Moja imegoma,” akasema mzee.

Fundi Kioo hakuomba abomoe ajaribu tena. Alifunga begi lake, akamwambia binti kwamba neno la mzazi ni neno, akatoka.

Safari hii binti hakulia. Aliuangalia ule mchemraba, akamgeukia baba yake. “Umeshinda, baba. Kaa na taa zako, maana mtoto huna tena.” Akaingia chumbani. Mzee akasikia sanduku likiburutwa kutoka uvunguni.

Hapo ndipo roho ilipomruka. Tangu mkewe afariki, hakuwa na mtu mwingine duniani. Akatoka mbio na kandambili, yeye na magoti yake mabovu, akamkimbilia yule yule aliyemtukana wiki nzima. Alimkuta kwenye kona, mbele ya duka lililofungwa. Akasema yote huku akihema: kwamba ni yeye aliyeigeuza ile taa, kwamba aibu ni yake, kwamba posa imekubaliwa leo hii, hata mahari asilete.

“Rudi, mwanangu,” akasema, na hakuwahi kumwita hivyo. “Nakuomba. Mke ni wako.”

Fundi Kioo akatupa jicho kuelekea nyumbani kwa mzee, akahakikisha kwamba hakuna mwingine aliyekuja. Kisha akaushika mkono wa mzee kwa mikono yake miwili, kwa adabu zote.

“Niliiona, mzee. Pale pale dirishani, kabla sijalehemu. Ahsante sana kwa kunifungulia mlango wa kutokea.”