Uzito wa Baiskeli ya Emrys

Karakanani kwa Emrys, yeye akikaza skrubu za gurudumu, niliinyanyua baiskeli yake ili nimfungie madigadi ya safari ya kesho, bega likalia ko! Nje mvua ilikuwa haijakatika tangu asubuhi.

Nilikuwa nikimshuku tangu majani yaanze kupukutika. Babu wa miaka sabini na tano apande milima ya Wales huku anapiga mluzi, kundi letu zima la waendesha baiskeli likitweta nyuma? Mimi pekee ndiye niliyeweza kumfikia.

Nikazungusha pedeli. Ndani ya bomba la kiti kitu kikanguruma, kama paka aliyeshiba.

“Umeficha mota, mwizi wewe! Kesho naliambia kundi, na msafara nitauongoza mimi.”

Emrys hakuacha kukaza skrubu.

“Waambie, bwana. Ila kwanza inyanyue na hiyo yako, niliyokutengenezea mwezi uliopita.”