Si Mimi, Ni Prokopi

Gavril alivua kofia yake ya manyoya, katika baridi ya kugandisha mate kabla hayajafika chini, akapiga goti mbele ya mbwa mwitu aliyekufa mtegoni.

"Shikamoo, Mzee," alisema. "Pole kwa yaliyokukuta. Aliyekuua si mimi. Ni Prokopi, mwana wa Yegor, yule wa nyumba yenye madirisha ya bluu kando ya mto. Mimi napita tu."

Akavaa kofia, akaupanua mtego wa chuma, akambeba Mzee nyumbani kumchuna.

Ndio ustaarabu wa Wasakha, wafugaji farasi wa kaskazini ya barafu, tangu enzi. Mbwa mwitu ana ukoo, na ukoo wake hausahau. Ukimuua lazima useme kauli ya kujitoa. Wazee walikuwa wakimsingizia mgeni: mchuuzi, askari, padri, yeyote aliyepita mwaka huo. Lakini kijiji cha Gavril kiko mwisho wa barabara, na mgeni wa mwisho, daktari wa mifugo, alikuwa ameondoka kabla theluji haijaanguka. Hapakuwa na wa kumbebesha zigo. Ndipo Gavril alipomkumbuka shemeji yake.

Alikuwa na sababu. Prokopi hajawahi kutega hata panya. Tangu vuli alikuwa akiingia kwa Gavril bila hodi saa ya chakula, anakula supu ya dada yake Akulina, mke wa Gavril, anaisifu, anajilaza kwenye benchi karibu na jiko, na akiamka anauliza kama imebaki. Wakati huo huo Gavril anahangaika na mbwa mwitu wanaommalizia farasi. Majike wake walikuwa na mimba wote, na ndio uhai wake. Wakiisha wao, ameisha yeye. Huko kwao mtu asiye na farasi hata salamu yake huitikiwa nusu nusu.

Basi akatega. Kila aliyemuua alimwelekeza kwa Prokopi, na namna ya kufika akamweleza.

Ajabu ni kwamba ujumbe ulifika. Kila mbwa mwitu alipokufa, asubuhi ya pili nyayo za wenzake zilikuwa zimeuzunguka ua wa Prokopi, na damu kwenye kizingiti. Gavril alicheka peke yake njia nzima. Shida ni kwamba majike wake nao waliendelea kupotea, tena vibaya kuliko mwanzo. Zamani mbwa mwitu walikuwa wakimwachia mzoga ulioliwa nusu. Sasa hakuna hata ukwato, ila alama ya kitu kizito kilichoburutwa mpaka kwenye barafu tupu ya mto, ambayo haishiki nyayo. Akaongeza mitego. Akaua zaidi. Akamtaja Prokopi kwa sauti kubwa zaidi.

Kisha Prokopi akaacha kuja kula.

"Afadhali," alisema Gavril.

"Afadhali ya nini?" Akulina alimjia juu. "Kaka yangu namjua. Hawezi kuacha kula bure mpaka awe amekufa. Nimekwenda kwake, kajifungia, pazia chini, anaongea nami kwenye ufa wa mlango. Na ile damu, Gavril. Huyu mtu kamkosea nani?"

Gavril akainamia supu yake. Usiku ule roho ilimsuta, na bado kulipokucha alikwenda kutazama mitego, akakuta amenasa dume kubwa kuliko wote, kichwa kama ndoo. Aliona haya, lakini aliogopa zaidi kuliko alivyoona haya. Akapiga goti na kumtaja shemeji yake, jina, ukoo na rangi ya madirisha.

Kesho yake alikuwa njiani kwenda kumwangalia jike wake wa mwisho, yule wa kijivu, alipopita nyumba ya Prokopi. Damu ilikuwa imetapakaa kutoka getini mpaka mlangoni. Gavril aliona giza. Nimemuua, alijiambia, nimemuua ndugu wa mke wangu kwa mdomo wangu. Akakimbia, akaugonga mlango kwa ngumi zote mbili.

Mlango ulifunguka kidogo, mkono ukamvuta ndani, ukafungwa tena.

Prokopi hakuwa na hata mchubuko. Alikuwa amenenepa. Midomo ilimng'aa kwa mafuta, na jikoni chungu kilikuwa kikitokota nyumba nzima ikinukia. Gavril akakaa, na bila kuulizwa akaletewa bakuli. Alikula ili apate ujasiri wa kusema. La kwanza alilila kwa aibu, la pili kwa njaa, maana nyama ilikuwa laini, imenona vizuri.

Halafu akapiga moyo konde, akaungama yote: mitego, kofia mkononi, jina la shemeji yake mbele ya kila maiti.

Prokopi aliacha kutafuna.

"Kumbe ni wewe," alisema taratibu. "Mimi nilikuwa najiuliza nimewafanya nini hawa. Shemeji, wananiogopa mpaka nawahurumia. Wanakuja mikia chini, hata kunguruma hawathubutu, wanaweka mzigo mlangoni na kurudi kinyumenyume. Kumbe akifa mmoja tu, asubuhi wamefika. Ni fidia hiyo. Wananibembeleza nisiue mwingine."

"Mzigo gani?" aliuliza Gavril.

Prokopi alilichukua bakuli la Gavril, akalijaza tena pomoni, akalisogeza mbele yake kwa mikono miwili kama mtu mwenye shukrani.

"Kula kwanza, shemeji," alisema. "Wa leo ni yule wako wa kijivu."