Pimbi na Mabao Tisini

Zama zile runinga zilipokuwa zimekwisha kuingia mapangoni, Pimbi alikuwa na mchezo wa mpira anaoucheza peke yake. Humo kwenye kioo mlikuwa na kipa, Fungo, aliyedaka kila shuti. Pimbi hakuvumilia kushindwa. Akatafuta hila, akauchezea mchezo wenyewe, na Fungo akalala fofofo golini. Yakaingia mabao tisini.

Ila kule mapangoni, bao halihesabiwi mpaka mfungaji amsimulie jirani. Pimbi akamwendea Bi Konokono, kizee mwenye subira.

“Tisini kwa bila, bibi!”

“Hongera, mjukuu wangu. Haya, nisimulie la kwanza.”

“Nilipiga mpira, ukaingia.”

“La pili?”

“Nilipiga, ukaingia.”

Walipofika la saba, Bi Konokono naye alikuwa anakoroma.

Pimbi akarudi kwake kwa aibu, akaegemeza paji la uso kwenye kioo. Kioo kikawa laini kama maji. Mara akajikuta yuko uwanjani, nyasi zenye umande zikimtekenya nyayo, akamtikisa kipa.

“Amka, bwana.”

Fungo akafumbua jicho moja. “Nikiamka nitadaka.”

“Wewe daka tu.”

Kesho yake Pimbi alifungwa mabao kumi na moja, naye akafunga moja. Lile moja akalipeleka kwa Bi Konokono, akaanza kulisimulia asubuhi. Jua lilipokuwa linazama, mpira ndio kwanza ulikuwa umevuka katikati ya uwanja, na Bi Konokono hajafumba jicho.