Nyamanza Kwenye Kinu

Theodosia alinisimulia haya mwaka wa sabini na nane, tukipura maharage kwangu Kibondo. Yalimpata miaka mitano nyuma, akiwa kambini upande huu, baada ya kukimbia kutoka Burundi na majirani zake. Mumewe alibaki kulinda ng'ombe, akasema atafuata.

Padri mmoja mgeni alikuwa akipiga picha za ndege pande zote mbili za mpaka. Jumapili mchana aliziinua moja moja, na anayemtaja ndege kwanza anapewa picha.

"Huyo kwale!"

"Kwale gani mwenye shingo ndefu hivyo? Wewe ulizoea kuwala tu!"

Wakacheka hadi machozi. Theodosia alikuwa na picha tatu mapajani na binti yake mgongoni. Ikainuliwa ya nne.

Nyamanza, yule ndege mdogo wa uani anayetikisa mkia, amesimama kwenye ukingo wa kinu. Kinu kilikuwa na ufa uliofungwa waya mizunguko mitatu, na waya ule Theodosia aliufunga kwa mkono wake. Ndani ya kinu nyasi zilikuwa zimeota, ndefu kumpita ndege.

"Theodosia we, hata nyamanza humjui?"

"Simjui," akasema.

Mtoto akachungulia begani. "Mama, kinu chetu! Mbona kimeota nyasi? Baba anatwangiwa wapi sasa?"

"Kwa majirani, mwanangu."

Majirani wote walikuwa hapo, wakiigombea picha. Mtoto akaridhika, akalaza shavu mgongoni mwa mama yake, akalala.