Ua la Petali Sita

Shemeji aliukandamiza mkono wa dada yangu juu ya meza ya mashine ya leza. Damu ilimtoka dada puani, ikadondokea kitambaa.

"Suti yangu ya harusi umeifanya viraka vya mfarishi," alimwambia. "Leo kiraka ni wewe." Akanigeukia mimi niliyekaa kwenye kompyuta. "Haya, fundi. Bonyeza."

Kwenye skrini palikuwa na ua moja la petali sita, mistari yake yote myekundu. Mstari mwekundu hukata. Wa bluu huchora tu. Kifuniko kilikuwa wazi, lakini swichi yake ya kuzima leza kikiwa wazi ilikufa zamani, na mashine ingekata chochote.

"Weka bluu, mdogo wangu," dada alinong'ona.

"Rangi naiona kutoka hapa," shemeji akamwambia. " Akiigusa, nakuvunja kidole."

Sikuigusa. Rangi aliijua, mahali hakupajua: ua lilipo kwenye skrini ndipo leza hukata mezani. Mkono wake wa kulia ulimbana dada, wa kushoto aliuegemea kwenye kona ya meza, pete ya ndoa ikimeta. Nikaliburuta ua hadi kona ile, nikalikuza likaenea kiganja.

"Tayari, shemeji," nikasema, nikabonyeza.