Barakoa Namba Saba

Mtunza stoo alianza kulia kabla hajaulizwa swali lolote. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi na tumbo la kuheshimika, na kilio chake kiliwatia aibu wote waliokuwa mezani.

Mjane hakumhurumia. Machozi yake mwenyewe yalikwisha wiki ya kwanza.

Kampuni ilikuwa ya kusafisha mazulia, na ofisi yake ilinuka sabuni mpaka kwenye viti. Miezi miwili nyuma, mumewe alitumwa kutoa gundi kwenye zulia la ukumbi usio na dirisha hata moja. Dawa ya gundi ni kali. Hata dumu lake lina picha ya fuvu. Walimkuta amelala kifudifudi, brashi ingali mkononi, puani amejifunga kitambaa kilicholoweshwa maji.

Leo mkaguzi wa usalama kazini alikuja kuamua jambo moja: marehemu alipewa barakoa, au hakupewa? Kama alipewa, ripoti ingeandika kwamba alikufa kwa uzembe wake. Mjane alikuwa na watoto wawili, na wa kwanza alishajua kusoma.

Uzembe! Mtu aliyekuwa akizima jiko kisha anarudi kuhakikisha kwamba amelizima. Mtu ambaye mkewe akikohoa mara mbili, yeye yuko wima na glasi ya maji.

"Nilimpa," mtunza stoo alisema, akijifuta kwa mkono wa shati. "Nyeusi, ya mpira. Zote nimezichoma namba kidevuni kwa msumari wa moto. Yake ilikuwa saba."

"Iko wapi?" mkaguzi akauliza.

"Aliniambia ameisahau nyumbani. Kesho yake, vilevile. Mwezi mzima, nyumbani, nyumbani. Hapa ukipoteza barakoa unafukuzwa kazi, na yule alikuwa rafiki yangu. Basi kila asubuhi nikawa namtilia tiki kwenye daftari. Nikamfichia."

"Nyumbani kwangu?" Mjane alisimama. "Nyumba yangu ina vyumba viwili. Nimepekua uvunguni, nimepekua juu ya kabati, nimepekua mifuko ya suruali zake huku nazililia. Sikuona cheusi wala cha mpira. Na mtu mwenye barakoa anajifungaje kitambaa puani?"

Bosi wa kampuni akajikohoza.

"Jamani, yaliyopita si ndwele..."

"Kwako wewe si ndwele," mjane akamkata.

"Shemeji," mtunza stoo alisema taratibu, "nakuapia."

"Usiniite shemeji. Umeiuza. Na siku itakapoonekana hiyo namba saba, atakayekutwa nayo ndiye aliyemuua mume wangu."

Mkaguzi aliyaandika maneno hayo, akayapigia mstari.

Saa tisa uamuzi ulisomwa. Marehemu hakupewa kinga. Mtunza stoo alighushi daftari. Afukuzwe, na faili lake lipelekwe polisi. Mzee huyo hakulia tena. Alivua ufunguo wa stoo shingoni, akauweka mezani, na alipopita mbele ya mjane akasimama kidogo.

"Katafute tena," alisema.

Mjane akageukia ukuta.

Jioni alimketisha mtoto wake mkubwa na kumwambia, "Baba yako hakuwa mzembe. Imeandikwa." Kisha akalala usingizi wa kwanza tangu mazishi.

Kesho yake alirudi kazini kwake. Walikuwa wanawake sita katika chumba kimoja, kazi yao kushona mito na kuijaza sufi. Wenzake walimkumbatia, wakalia kidogo, wakamtania kwamba mashine yake imekonda kuliko yeye. Halafu gunia la kwanza likafunguliwa, sufi ikaruka, na kabla ya saa moja kupita kifua kikambana. Kilikuwa kikohozi kile kile cha zamani. Alikuwa amesahau kwamba aliwahi kukohoa hivyo.

"Wewe, utakufa utuachie mito," jirani yake alisema, akaitungua msumarini kinga ya vumbi ya mjane. "Ilikuwa hapa hapa inakungoja."

Mjane aliipokea kwa mikono miwili.

Mumewe ndiye aliyemletea. Alisema ameiokota kwenye mitumba kwa bei ya bure, kisha akakaa kitandani na sindano, ulimi nje, akaivalisha kitambaa cha maua ndani na nje. "Mke wangu hawezi kufanana na mzimamoto," alisema. Mishono ilikwenda upogo, na mkewe, fundi wa cherehani wa miaka kumi, alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini aliivaa, na wiki haikuisha kikohozi kikakoma. "Sasa hata mimi napumua," mumewe alimwambia.

Mara ngapi alisema ataifumua aishone upya! Hakuthubutu. Mishono mibovu ile ilikuwa ya mumewe.

Sasa uzi ulikuwa umelegea upande wa chini. Ameondoka na kazi yake inafumuka, aliwaza, na machozi aliyodhani yamekwisha yakamjaa tena. Akachukua mkasi. Angefumua kidogo tu, pale palipoachia, apashone vizuri kwa heshima yake.

Akakata mshono wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kitambaa cha maua kikajikunja chenyewe. Chini yake akaona mpira mweusi, na kwenye mpira, kidevuni, imechomwa kwa msumari wa moto, namba saba.